Nilivyojifunza Kutoa Damu Katika Kambi ya Wakoma

Kama umeambiwa leo kuwa una ukoma, huenda bado umekaa palepale ulipoambiwa, hujui uelekee wapi. Mimi nilikaa kwenye ngazi za zahanati ya Kivinje mpaka mfagiaji akaniomba nimpishe. Wewe ndiye ninayekuandikia. Sitakueleza ugonjwa huu unatoka wapi, hayo waganga watakueleza. Nitakueleza siku zinavyopita ndani yake, maana hilo ndilo nililotamani kuambiwa, na sikupata wa kuniambia.

Jina langu Mwanahawa binti Juma, mzaliwa wa Pande. Wakati huo Waingereza ndio waliotawala, nami nilikuwa mwanamke kijana mwenye mume na mtoto mmoja wa kike, Zuhura, aliyekuwa ndiyo kwanza ameacha ziwa. Mume wangu, Bakari, alikuwa mchoma chokaa. Tuliishi ua mmoja na mama yake, Bi Tausi, mwanamke mfupi ambaye sauti yake ilisikika mpaka msikitini. Kazi yangu ilikuwa kusuka mikeka.

Mikeka ndiyo iliyonifichua. Ukili wangu ulianza kulegea upande mmoja, nikawa nafumua na kusuka upya. Siku moja Bi Tausi akaukunjua uani, akauliza, "Huu umesuka wewe au mtoto?" Nikautazama mkono wangu wa kulia. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimekufa ganzi, wala sikujua tangu lini. Baadaye likatoka baka shavuni, ndewe za masikio zikanenepa, nyusi zikaanza kupukutika kila ninaponawa uso. Wanawake kisimani wakawa wananiachia nafasi kubwa kuliko niliyoihitaji.

Bakari ndiye aliyesema twende Kivinje. Mganga wa zahanati aliniambia nifumbe macho, naye awe ananigusa kwa ncha ya pamba. "Nionyeshe kila ninapogusa," alisema. Nilionyesha pale nilipohisi, nikadhani nimefanya vizuri. Nilipofumbua macho nikamwona Bakari anatazama nje dirishani, na kwa uso wake nikajua nimeguswa mahali pengi ambapo sikuonyesha.

Tulisubiri masika ipite na mito ipungue, ndipo likapatikana lori la kunipeleka upande wa Lindi, kwenye kambi ya wagonjwa iliyoendeshwa na wamisheni. Asubuhi ya kuondoka Bi Tausi alimshikilia Zuhura ndani, mlango ukiwa umerudishiwa. Nilimsikia mtoto akilia. Bakari aliniwekea mkeka na sufuria kwenye lori, akasema, "Nitakuja korosho zikianza kuanguka." Akaja kweli. Ila kutoka siku ile mpaka korosho kuanguka ni muda mrefu sana kwa mtu asiyejua kama atarudi.

Kambini kulianza kusubiri. Ugonjwa huu una maumivu yake, lakini kusubiri ndiko kulikonichosha zaidi. Tulikaa kwenye benchi refu nje ya chumba cha vipimo, wanawake upande huu na wanaume upande ule, kila mtu ameegemea ukuta uliokwisha kupata weusi wa migongo ya waliotutangulia. Mtu akitoka, wote tunasogea. Walimkata kila mmoja ngozi kidogo sana kwenye ndewe ya sikio, wakapaka kile kimajimaji kwenye kipande cha kioo, kisha wakakitazama kwa darubini ya kuonea vidudu. Mimi sikusikia uchungu nilipokatwa, na hilo ndilo lililonitoa machozi.

Mkuu wa pale alikuwa sista mmoja wa Kizungu, mwanamke mrefu kiasi cha kuinama kila mlangoni. Sisi tulimwita Sista Mrefu, naye alijua. Aliniambia kwa Kiswahili chake cha kunyoosha, "Vidudu ni vingi. Dawa ipo. Utakaa sana." Nilimpenda kwa kutonidanganya. Nikapewa nyumba ya udongo pamoja na mama mmoja wa Kimwera, Bi Asumini, ambaye vidole vyake vya miguu vilikuwa vimekwisha. Usiku ule wa kwanza alinichemshia muhogo, akaniwekea kipande kikubwa kuliko chake, akasema, "Kula. Utalia ukishashiba." Nililala nimeshiba.

Dawa ilikuwa vidonge vyeupe. Tulivimeza mbele ya Sista, kwa mpango aliokuwa nao yeye kichwani. Ramadhani ilipofika alitugawia baada ya futari bila ya kuombwa. Vidonge vile viliua vidudu, lakini wengine wetu vilitupunguzia damu. Nilikuwa nikipanda kile kilima cha kwenda kisimani nasikia moyo unapiga masikioni. Kwa sababu hiyo kila baada ya muda tulitolewa damu ipimwe, na hapo ndipo palipozuka tatizo.

Mtoaji damu alikuwa Bwana Nampota, mtu wa Nachingwea, mgonjwa wa zamani aliyepona akabaki kazini. Alikuwa mpole na mwenye mkono mwepesi. Lakini wanawake wa pwani waliona haya kushikwa mkono na kufungwa mpira na mwanamume asiye ndugu yao. Wengine walijificha shambani siku ya damu. Bi mmoja wa Rasbura alisema wazi, "Heri nife na damu yangu yote." Sista akakasirika kidogo, akatafakari, halafu akaja bandani kwetu.

"Mwanahawa, wewe ulikuwa unasuka. Mikono yako ina akili. Utajifunza?"

Nikamwonyesha vidole vyangu viwili. "Hivi vimekufa, Sista."

"Vilivyobaki?"

"Vilivyobaki vizima."

"Basi utafanya kwa vilivyobaki."

Ndivyo nilivyoanza. Bwana Nampota hakunipa sindano kwa muda mrefu. Kwanza nilijifunza kuosha na kuchemsha. Mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo, kila bomba na mti wake wa kusukumia, ukiuchanganya na wa jingine hauingii. Sindano zenyewe zilitumika tena na tena, kwa hiyo tulizinoa kwenye jiwe dogo lenye mafuta, halafu tukaipitisha kila moja kwenye pamba. Ikivuta nyuzi, ina kikwaru, inarudi jiweni. "Hicho kikwaru," alisema, "wewe hukioni, lakini mgonjwa atakusimulia." Baadaye nikachoma mpira mwembamba uliofungwa ndani ya kitambaa, asubuhi nzima, mpaka nikaweza kujua kwa mkono kwamba nimeingia ndani bila kutokea upande wa pili.

Mshipa hautafutwi kwa macho. Hilo ndilo lililonipa taabu. Unaubonyeza kwa ncha ya kidole, nao unarudisha kama kitu kilichojazwa maji. Kano hairudishi, ni ngumu kama kamba. Nilijaribu kwa mkono wa kulia, nikawa na wasiwasi kila mara. Bwana Nampota akaniambia, "Binti Juma, uulizie kwa mkono wa kushoto, uchomee wa kulia." Na kweli, mkono wa kushoto ulikuwa bado una hisi zake zote. Nikawa natafuta kwa kushoto, naacha kidole palepale, nashika bomba kwa dole gumba na vidole viwili vizima vya kulia, mdomo wa sindano ukitazama juu.

Wa kwanza kumchoma alikuwa Bi Asumini. Alijitolea mwenyewe, akakaa, akanyoosha mkono juu ya mto wa mchanga. Niliingia vizuri, damu ikaja, nikafurahi mno nikasahau kufungua mpira kabla ya kuchomoa sindano. Mkono ukavimba palepale, ukaota doa la zambarau kubwa kama kifuniko cha kopo.

"Samahani, mama."

"Si neno," akasema, akiutazama mkono wake kwa makini. "Ila wa pili mtafute mwingine."

Alicheka mwenyewe. Nami tangu siku hiyo sikusahau tena: funga, tafuta, safisha, choma, vuta, fungua, chomoa, bana pamba. Na kabla ya mgonjwa hajainuka, kichupa kiwe kimeandikwa jina lake. Hapo tena palikuwa na kazi, maana mimi niliandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni nilizofundishwa na marehemu baba yangu, kutoka kulia kwenda kushoto. Bwana Nampota alivishika vile vichupa, akavigeuzageuza, akasema, "Hapa sijui yupi ni yupi, labda niwaite wote kwa sauti." Akanifundisha herufi nyingine kwa mkaa kwenye sakafu. Hizi unazosoma sasa nilizipata pale.

Wanawake walikuja. Yule bi wa Rasbura alikuja wa mwisho, akageuza uso ukutani, na nilipomaliza akauliza kama nimeshaanza. Nakuambia kweli, hakuna dawa iliyonisaidia kama neno lile. Nilikuwa mtu ambaye watu humkimbia. Sasa watu waliketi mbele yangu wakanipa mikono yao.

Korosho zilianguka, Bakari akaja na kibaba cha mbaazi na habari za nyumbani. Tulikaa uwanja wa wageni, pana benchi lake la mbali kidogo. Nikamweleza kazi yangu kwa furaha.

"Mama Zuhura," akasema mwishoni, "damu hiyo mnaipeleka wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Watu wanasemaje?" nikauliza.

"Wanasema mumiani. Kwamba Wazungu wanawakusanya wagonjwa wasiotafutwa na mtu, wanawanyonya damu kutengeneza dawa. Sasa imesikika kwamba mke wangu ndiye anayechoma. Mama hatoki kisimani bila ya kuambiwa neno. Wazee wanataka nikuache."

"Nawe?"

"Ningetaka kukuacha nisingepanda lori kuja kukuuliza." Akachora mchanga kwa kidole. "Lakini nipe jibu la kuwapelekea."

Nilimweleza kila kitu, darubini na vioo na vichupa. Aliitikia kwa kichwa. Nikaona wazi kwamba ananiamini mimi, lakini maneno yale hayatafika Pande na nguvu zake.

Kaskazi ile nikaugua sana. Ugonjwa huu una namna ya kuwaka wakati vidudu vinapokufa, na wewe uujue mapema usije ukadhani dawa inakuua. Mwili ulitoka vinundu vyekundu, nikapata homa, na mshipa wa kiwiko cha kushoto ukauma kama jino. Sista akanisimamishia vidonge, akaufunga mkono kwenye banzi la ubao, akakataza nisiushughulishe. Nililala nikiufikiria mkono ule kuliko nilivyofikiria uhai wangu. Kila asubuhi Bi Asumini alinishika ncha za vidole kimoja baada ya kingine huku nimefumba macho, nami namwambia kipi. Kuna asubuhi nilikosea kidole kidogo. Hakuniambia. Nilijua kwa ule ukimya wake. Lakini vinne vingine vilibaki, homa ikatulia, na masika ilipoanza nilifunguliwa banzi. Mkono ulikuwa umekonda kama wa kizee. Niliurudisha kazini taratibu, kwa kuosha vioo kwanza.

Ilikuwa ni baada ya mavuno ya mtama nilipotoka chumba cha vipimo nikiwa na beseni, nikamwona Bi Tausi amesimama uwanjani katika kanga mpya, amemshika mkono msichana mdogo. Nilimtambua mkwe wangu kabla ya kumtambua mwanangu. Zuhura alikuwa amekuwa mrefu, shingo nyembamba, macho meupe kwa upungufu wa damu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto ana baka mgongoni," akasema bila ya salamu nyingine, lakini safari hii kwa sauti ndogo. "Kivinje wamesema tumlete kwa wanaojua. Bakari yuko tanuruni, hawezi kuliacha linawaka. Nimekuja mwenyewe."

Zuhura alijificha nyuma yake. Nikamsikia akiuliza, "Bibi, huyu nani?" Nikaweka beseni chini.

Sista akasema mtoto atatazamwa mgongo na atatolewa damu. Bi Tausi akamvutia kwake. "Damu hapana."

"Mama, ni tone tu la kidoleni."

"Nimesema hapana. Nikirudi Pande na damu ya mtoto imebaki huku, nitawaambia nini?" Halafu akakaa kwenye kiti cha mgonjwa, akakunja kanga mpaka begani, akaweka mkono wake juu ya mto wa mchanga. "Nitoe mimi kwanza. Na ikitoka naifuata. Nataka nione inakokwenda mpaka mwisho wake."

Nikamtazama Sista. Sista akasema, "Sawa. Afuate."

Nilimfunga mpira mkwe wangu. Mshipa wake ulikuwa mzuri, umejitokeza kwa miaka ya kutwanga. Nilivuta kidogo, nikafungua, nikachomoa, nikamimina kichupani taratibu isipige povu, nikaandika jina lake huku anasimamia. Akakichukua kichupa mwenyewe. "Kina joto," akasema.

Bwana Nampota alimkaribisha kama anayempokea mgeni barazani kwake. Akadondosha tone kwenye kioo, akalivuta kwa ukingo wa kioo kingine mpaka likawa utando mwembamba. Bi Tausi alisimama nalo likikauka. Likapakwa rangi, likaoshwa, likakaushwa tena. Akaitwa kwenye darubini, dirisha likiwa wazi ili kile kioo cha chini kipate mwanga. Alifumba jicho lisilotakiwa, akarekebishwa.

"Naona kama kunde zilizomwagwa."

"Hiyo ndiyo damu yako, mama," akasema Bwana Nampota.

"Zote hizi?"

"Hilo ni tone. Na humu hamna vidudu vya homa. Uko mzima."

"Na hiyo iliyobaki kichupani?"

Tukampeleka. Iliyobaki ilimwagwa kwenye debe lenye dawa kali ya kuua vidudu, ikabadilika rangi mbele ya macho yake. Alikaa kwenye kivuli cha banda akilinda lile debe mpaka alasiri, wakati wa kumwaga, hataki hata kwenda kula. Tulikwenda naye nyuma ya kambi kwenye shimo lenye mfuniko, debe likamwagwa, ikafuatia chokaa juu yake. Bi Tausi akainama, akachukua chokaa kidogo, akaisugua kati ya vidole.

"Hii haikuiva," akasema. "Mwanangu anachoma nzuri kuliko hii."

Akajikung'uta mikono, akarudi alipokuwa Zuhura, akamwambia, "Mpe kidole."

Sheria ya kambi ilikuwa mgonjwa asiguse mtoto wa nje. Nikarudi nyuma nimpishe Bwana Nampota. Sista alikuwa ameinama mlangoni. "Nawa mikono vizuri, Mwanahawa," akasema. "Vipimo vyako vya mwisho si vibaya. Na kazi ni kazi."

Nilinawa mpaka viwiko, nikapangusa kwa spiriti. Nikashika kidole cha mwanangu kwa mkono wa kushoto. Sikuwa nimemgusa tangu aachishwe ziwa. Kilikuwa kidogo, chenye unyevunyevu, na nilikihisi chote. Nikakaa nacho muda mrefu kuliko inavyotakiwa, nikijifanya natafuta pa kuchoma. Akakunja uso nilipochoma, hakulia. Alitazama tone likijaa.

"Ni langu?" akauliza.

"Ni lako."

Kisha Sista akamlaza kifudifudi, akamwambia afumbe macho, akamgusa kwa ncha ya pamba pembeni mwa baka na katikati yake. Mimi nilisimama nimeshikilia meza.

"Hapo," akasema Zuhura. "Na hapo. Na hapo tena. Bibi, ananitekenya!"

Alikuwa anacheka. Alionyesha kila mahali, hakukosa hata mahali pamoja. Ngozi iliyokwanguliwa pale ikatazamwa, ikaonekana ni utangotango tu, baka la kawaida la ngozi lisilo ukoma. Damu ilionyesha vidudu vya homa na upungufu, akapewa dawa. Bi Tausi aliketi chini ghafla kwenye sakafu, akavuta kanga akafunika uso. Nilikaa karibu naye, si karibu sana. Baada ya muda akasema kutoka ndani ya kanga, "Mkono wako mwepesi, mwanangu. Sikusikia."

Aliporudi Pande alisema, na ile sauti yake Mungu hakumpa bure. Habari za mumiani hazikwisha, maana hazijaisha mpaka leo, lakini uani kwetu hakuna tena aliyezileta. Mimi nilikaa kambini misimu mingine ya korosho. Bi Asumini alifariki kwa uzee, nikamuosha mimi. Vipimo vyangu vikaja safi, vikaja tena safi, vikaja tena. Sista akanipa mkono mlangoni, nikapanda lori.

Nakuomba wewe mambo machache tu. Meza dawa hata siku unayojisikia mzima. Tazama miguu na mikono yako kila jioni, maana haitakuambia yenyewe ikiumia. Na ukipewa kazi ndani ya ugonjwa, hata ya kuosha vioo, ipokee.

Na usidhani kurudi nyumbani ni rahisi. Bakari alinipokea kama mtu aliyekuwa akiningoja, nami nilimshukuru. Lakini majirani waliokuja kunipa pole walikaa ukingoni mwa mkeka, na Zuhura aliniita "wewe". Alikuwa mwenye adabu, ananiletea maji, anaweka chini, anaondoka. Sikumlaumu.

Siku moja kabla ya Idi, wanawake walijaa uani kupakana hina. Nilikaa pembeni nimeweka mikono chini ya kanga. Bi Tausi akaja katikati yao na bakuli lake, akawapita wote wanaojua kuchora, akaketi mbele yangu na kuninyooshea mikono.

"Mama, vidole vyangu haviendi sawa," nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Nani kakuuliza?"

Nikampaka. Mistari ilipinda, hina ikavuka kucha, na ua lote likawa linatutazama. Alipoinuka, Zuhura alikuwa amesimama pale nyuma yake. Akakaa mahali palepale, akaniwekea viganja vyake vyote viwili mapajani.

"Na mimi, mama," akasema.